Zabron Kaandikwa kwa Penseli

Kwenye kijiwe chetu cha Kilosa, jirani na reli, kahawa ni chungu na ushauri ni wa bure. Desturi yetu ni moja: ukileta jambo lako, hunyanyuki mpaka kila mtu amelisemea. Alhamisi asubuhi Zabron, mpishi asiye na jiko, akaleta simu yake. Hoteli moja ya Mikumi imemwandikia Kiingereza kuhusu usaili wa kazi. Simu tukampa Hezekia, tunayemwita Kamusi kwa sababu hajawahi kukosa jibu, hata la uongo.

— Shikamoo, mzee Kamusi. Wanasemaje? Nina mke na mtoto mchanga, hii kazi naitaka kweli.

— Marahaba. Wamekuandika kwa penseli, leo saa nne.

— Penseli? akaruka Mudi Breki wa bodaboda. Oya, mtu wa maana anaandikwa kwa kalamu! Hao kifutio wanacho mkononi.

— Halafu wanasema huenda wakakusukuma nyuma.

— Wamguse waone!

— Tulia, Breki, akasema Babu Mathayo, ambaye hoteli hiyo ameiona akiwa ndani ya basi. Nyuma ndiyo jikoni. Mbele wanakaa watalii.

— Ngojeni, akasema Kamusi. Mwishoni watagusa msingi na yeye.

— Msingi! akadakia Breki. Basi hao wanatafuta fundi ujenzi. Zabron, mwiko unao?

— Ninao wa ugali.

Basi la Mikumi likapiga honi.

— Wazee, basi linaondoka. Niende?

— Kaa! akasema Breki. Babu hajamaliza kusema. Na mtu wa penseli anakwenda kufanya nini? Subiri wakuandike kwa wino.

Zabron akakaa. Kwa kuwa nauli haikuwa na kazi tena, akatununulia kahawa nyingine, na tukamsifu kwa busara yake.

Jua lilipofika utosini, simu ikaita. Namba ya hoteli. Zabron akamsogezea Kamusi, naye akasema Kiingereza chake ni cha kusoma, si cha kuongea. Ikabidi Zabron apokee mwenyewe, spika wazi. Ikatoka sauti ya mama, Kiswahili kitupu cha hapahapa Morogoro:

— Zabron, mwanangu, si tulikuandikia tumekupangia saa nne, tukichelewa tutakusogeza mbele kidogo, na mwishoni tutawasiliana? Tumekungoja tangu hapo, jiko linawaka. Mbona hukuja?

Breki akakumbuka ana abiria. Babu akakohoa. Kamusi akainamia kikombe chake, na Zabron akatutazama mmoja mmoja, akisubiri mwenye jibu.