Mama Panya na Dawa Iliyogomewa na Ubongo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimeuguza na nimekesha, kwa hiyo mkisikia sauti inajikokota mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1981, akahitimu chuo kikuu mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya chuo hichohicho, chumba chenye dirisha moja na harufu ya vizimba vya panya wa majaribio, ambako wanafunzi walimbandika jina la Mama Panya, naye akaitika bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini mofini inayotuliza maumivu leo huishiwa nguvu kesho, akiamini kwamba ubongo una protini zake ndogondogo, nyingine hutuliza maumivu zenyewe, nyingine huipinga dawa, na dawa ikizidi, hizo zinazoipinga nazo huzidi. Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, waliozoea panya kabla ya paka.

Februari mwaka jana saratani ilimwingia mifupani, akapewa mofini ya kunywa, ikamfaa, kisha ikalegea, daktari akaongeza kipimo, na hapo shangazi yetu tuliyemuuguza naye, akihofia mpwa wake asije akafa teja wa dawa, akawa anaichanganya na maji, jambo ambalo ameniruhusu kulisema. Dada alionja akajua, maana uchungu wa dawa ile aliufahamu, lakini hakumgombeza, alimkalisha kitandani akamweleza kwamba si yeye aliyeitamani, ni ubongo wake uliokuwa ukiigomea, na kumpunguzia ni kumwacha aumie peke yake. Shangazi alilia, akaenda mwenyewe kwa daktari kukiri, na tangu hapo manesi wakichelewa na dawa walimkoma.

Dada akapata usingizi, akacheka na mabinti zake, ingawa dawa ya kuuvunja mgomo ule hakuipata, na hilo lilimuuma sana. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwa shangazi.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotuazima viti na mabega, na wenzake wa maabara wanaoendelea na kazi yake. Tumechoka jamani, ila yeye alichoka zaidi. Pumzika kwa amani, dada, hapaumi tena.