Pipa Si Kibuyu: Risala ya Akina Mama wa Kilabu cha Busaa, Dandora, 1978

Mgeni rasmi Bwana Mativo, Afisa wa Afya. Mzee wa mtaa. Na majirani mliokuja kuona kama tutafunguliwa:

Karibu Dandora. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani, na pasta anajua ni cha shughuli gani.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama wa Magharibi na Ukambani, tunaopika busaa, pombe ya nafaka, kwa leseni. Mwezi wa Machi wateja wetu walitapika na kuendesha, akiwemo mume wa mwenzetu Ndindi, ndipo ukakitia kilabu kufuli. Ulifanya haki. Zamu ya kuosha pipa la pombe ilikuwa ya Ndindi. Kwao Kitui kibuyu cha pombe hakiguswi na sabuni. Masalio huachwa ndani yachachushe pombe inayofuata. Naye akalifanyia pipa la chuma vivyo hivyo, masalio yakaozea kwenye mshono wake.

TUNAYOJIVUNIA

Leo njoo ukague hata bila kubisha hodi. Pipa lililobeba rangi au dawa halivuki kizingiti chetu, hata likiletwa bure. Tunasugua kwa sabuni na magunzi ya mahindi, maana waya huacha mikwaruzo na uchafu hujificha humo. Tukishasuuza povu likaisha, tunachemsha maji ndani, kifuniko juu, mpaka mvuke ujae kote. Kisha pipa linapinduliwa juu ya mbao safi, na hakuna mkono unaoingia tena. Dawa ya madoa tuliijaribu pia. Ilitoboa sufuria ya Mama Makokha, na mpaka leo hajatusamehe.

YANAYOTUTATIZA

Mfereji ni mmoja kwa mtaa mzima. Na kufuli likiwa mlangoni, watoto wanalala kwa chai ya rangi tu.

OMBI LETU

Ofisi yako imesema tutafunguliwa Ndindi akiondolewa. Tumekaa kikao, tumekataa. Watu walipougua, alipita nyumba kwa nyumba na uji, akiwaambia, "Ni mimi niliosha." Mwingine angepanda basi la Kitui. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na hakuna anayekagua mshono wa pipa kama yeye. Tunampenda, na tunamhitaji. Kama lazima jina lake lifutwe kwenye leseni, tafadhali futa na yetu yote.

Anayekusomea maneno haya ndiye Ndindi. Alikataa kuyasoma, tukapiga kura, akashindwa.

Mungu akulinde wewe na wote wanaokula mezani pako.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kilabu cha Tushikane, Dandora.