Risala ya Wazazi wa Jumanne Siku ya Kuzindua Mizani Mpya

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wetu. Mkuu wa kituo hiki. Wauguzi, walimu mliotuitikia, wazazi wenzetu. Na ninyi watoto mlioahidi kunyamaza dakika kumi na mkashindwa ndani ya mbili: hamjambo nyote.

Anayesoma hapa ni katibu, fundi cherehani, mama wa mapacha wale pale ambao tayari wamebadilishana viatu. Nimepewa karatasi hii niisome kama ilivyo, nisiongeze la kwangu. Nitajitahidi.

Karibu

Mheshimiwa, karibu sana Chumba Namba Tisa. Tulitaka tukupokee kwa wimbo, ila watoto wetu kila mmoja alikuja na wimbo wake na hakuna aliyekubali kuuacha. Tukaona makofi yanatosha.

Tumeambiwa umekuja kuzindua mizani mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilionekana kuongopa. Tumeiona, ni nzuri, ina taa. Habari ya ile ya zamani tutairudia mbele kidogo, tunakuomba subira.

Tulikotoka

Tulianza mama sita na babu mmoja kwenye benchi la nje ya chumba hiki, siku ya Jumanne, siku ya kliniki ya watoto wenye tatizo la umakini. Kila mmoja alidhani wa kwake ndiye peke yake duniani anayepanda kabati. Watu walikwisha kutuambia mengi. Huyu mtoto hajachapwa. Huyu mtoto amerogwa. Wifi yangu alisema nimemlegeza mmoja wa mapacha wangu, na akamchukua siku mbili akamnyooshe kwake. Alimrudisha siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo tunaheshimiana.

Kisha daktari wa Jumanne akatupa dawa. Mheshimiwa, wewe umeisoma dawa hii vitabuni, sisi tumeiona mezani kwetu. Mtoto aliyekuwa hawezi kumaliza mstari mmoja akaandika ukurasa. Fundi magari, mwenyekiti wetu, mwanamume mwenye mikono kama jeki, alililia daftari la hesabu la binti yake mbele ya wateja, akasingizia mafuta ya breki. Leo tuko familia arobaini na tatu.

Tunayojivunia

Dawa ina faida na dawa ina karaha zake, na hizo karaha tumezisomea nyumbani bila cheti. Kidonge kikiingia, njaa inatoka. Mtoto anakiangalia chakula cha mchana kama anaangalia kazi ya mtu mwingine. Usingizi unachelewa. Kichwa kinauma, tumbo linauma, na saa kumi jioni dawa ikiisha mwilini, ole wako umuulize habari ya viatu vyake viko wapi.

Hatukukaa tukalia. Tumeweka utaratibu wetu, na tunautangaza hapa kwa kujidai kabisa. Chakula kwanza, kidonge baadaye: mayai, maziwa, mkate, vyote viingie kabla njaa haijafungiwa mlango. Jioni njaa ikirudi, mtoto anakula mara mbili, na asiulizwe mbona hakula mchana. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja hakuna nyumba yetu hata moja inayozungumzia kazi za shule, wala mgeni haruhusiwi kuuliza "umekuwa wa ngapi?" Baba mmoja, mwashi, alimtoa nje shemeji yake kwa swali hilo. Alimtoa kwa adabu, na kikombe chake cha chai mkononi.

Tuna daftari pia. Kila mzazi anaandika mtoto alichokula, saa aliyolala, alipolalamika kichwa. Daktari wa Jumanne anasema daftari zetu zinamsaidia kuliko maswali yake mwenyewe. Hatukumbishia.

Yaliyotushinda

Mheshimiwa, sehemu hii tuliiandika kwa siku mbili na tukagombana. Wapo waliosema tuombe mabenchi na feni tu, twende zetu. Mwenyekiti akasema aliye na aibu akae nayo kwake, ya leo itasomwa. Basi naisoma.

Kuna kanuni ya kliniki kwamba mtoto akipungua kilo mara mbili mfululizo, anapumzishwa dawa mpaka mwili urudi. Ni kanuni nzuri, leo tunaielewa. Wakati ule hatukuielewa. Tulimwona mtoto wa kwanza kupumzishwa akirudi kupanda makabati, na kabla ya mwezi kwisha shule ikamwambia mama yake atafute shule nyingine. Mama huyo alikaa benchini pale akiwa na barua mkononi, na sisi wote tukaiona. Hofu iliyotuingia siku ile, Mheshimiwa, hatuwezi kukusimulia ukaielewa mpaka uwe umeitwa shuleni mara kumi na moja kwa mtoto mmoja.

Tukaanza kuidanganya mizani.

Ndiyo. Sisi. Mizani ya zamani haikuwa na kosa lolote. Iliambiwa uongo, ikausema kama ilivyoambiwa.

Fundi magari alimvalisha binti yake mabuti na kutia nati za magurudumu ndani ya soksi. Mwashi alifunga vipande vya vigae mgongoni kwa mwanawe, chini ya sweta. Muuza duka alitumia mawe yake mwenyewe ya mizani, yale ya nusu kilo, akasema yeye walau anaiba kwa kipimo halali. Bibi mmoja hapa, tumekubaliana hatumtaji ingawa anacheka kwa sauti, alimnywesha mjukuu wake lita moja na nusu ya maji nje ya mlango. Foleni ikawa ndefu kuliko kibofu, na aliyesafisha mizani siku hiyo anajua.

Na hiyo mifuko ya siri ndani ya kiuno cha suruali na sketi, ya kutilia vyuma, ilishonwa na mtu mmoja. Ni mimi. Nilishona kumi na miwili, na nilijisifu kwa mshono usioonekana. Hilo halimo kwenye karatasi, mwenyekiti, lakini acha niliseme.

Sasa dawa hii wengine hupangiwa kwa kilo. Hilo hatukulifikiria hata mmoja wetu tulioidanganya mizani, watu wazima kumi na saba, wengine na miwani. Binti wa mwenyekiti, ambaye sote tunamwita Chiriku kwa kuwa tangu ajue kusema hajapumzika, aliandikwa kilo ishirini na sita. Daktari akaona amenawiri, akaongeza dozi. Chiriku akanyamaza. Nyumbani walifurahi wiki ya kwanza, wakasema dawa inafanya kazi. Wiki ya pili mama yake akaanza kumwuliza, "Mwanangu, mbona husemi?" naye anajibu "sina la kusema." Wiki ya tatu alianguka paredi asubuhi, moyo unakwenda mbio hata mwalimu aliuona ukipiga kwenye shingo. Hospitalini wakamvua nguo, wakampima na gauni jembamba la wagonjwa. Kilo ishirini na moja.

Ndipo rejista ya Chumba Namba Tisa ikafunguliwa, na aliyeonekana ameandika kilo za kubuni akawa ni Sista wa Mizani, muuguzi anayewapima watoto wetu, na mizani yake nayo ikashukiwa.

Mheshimiwa, barua ya kumsimamisha kazi uliitia sahihi wewe. Hatukulaumu, uliletewa rejista, hukuletewa soksi. Lakini Sista aliulizwa mbele ya kikao, akajibu neno moja tu: "Niliandika nilichokiona." Hakusema kwamba aligonga buti la Chiriku kwa kalamu akamwambia mama, "Dada, tuvue hivi," na mama akajibu mtoto ana kikohozi na sakafu ni ya baridi. Hakusema kwamba alishika pindo la suruali ya mmoja wa mapacha wangu, akanitazama usoni, akaliachia. Hatudai hana kosa hata chembe, alipaswa kutukatalia. Ila alikuwa na watoto sitini kwa Jumanne moja, alikuwa peke yake, na sisi tulikuwa tunamwita dada na kumletea habari za nyumbani huku tunamwibia.

Na sisi tukanyamaza wiki saba. Tulijiambia tukisema, watoto wetu wote watafutwa kliniki. Tuliona ni afadhali aumie mmoja. Yaani tulimfanyia yeye kile tulichokuwa tunawalalamikia walimu kuwafanyia watoto wetu, kumtoa mmoja ili darasa litulie. Tunaona aibu, na tunaisema aibu hiyo tukiwa tumesimama.

Chiriku alirudishiwa dozi ndogo na amepona kabisa, kama mnavyomsikia. Chiriku, mwanangu, nyamaza kidogo tumalize. Hapana, samahani. Usinyamaze, ila punguza. Mheshimiwa, hilo nalo halimo kwenye karatasi.

Tunachoomba

Feni na mabenchi tumeyafuta. Tuna maombi matatu.

La kwanza, mtoto apimwe bila viatu, na nguo za ndani tu, nyuma ya pazia. Pazia nimekwisha kulishona, lile pale la buluu, halina mfuko.

La pili, mtoto akipungua kilo, mzazi asisomewe kanuni tu akaonyeshwa mlango. Aitwe, akae, aulizwe anakula nini na saa ngapi, apewe wiki chache za kujaribu na dozi ndogo, na shule ipigiwe simu na kituo, isipigiwe na sisi. Mzazi mwenye pa kusemea ukweli hatafuti nati.

La tatu, kikao cha kumfukuza Sista ni Alhamisi hii. Tunaomba majina yetu kumi na saba yaingie kwenye faili hilo mahali pa jina lake. Yameambatanishwa nyuma ya risala hii pamoja na sahihi, na bibi ameweka dole gumba. Kama kuna adhabu, ije kwetu watu wazima. Watoto msiwaguse, hawakujua walichobebeshwa. Chiriku alidhani nati zile ni za bahati.

Zawadi

Mgeni rasmi, haifai kumwita mtu mbali akaondoka mikono mitupu. Zawadi yako ni mfuko huu wa turubai. Mwashi, mwenyekiti, msaidieni kuunyanyua. Ndani kuna kila kitu: nati, vigae, mawe ya duka, vyuma vya cherehani yangu, kitabu kinene cha hesabu alichofungiwa tumboni mtoto wa mwalimu mmoja miongoni mwetu, na chupa ya bibi ikiwa imejazwa upya ili haki itendeke. Kila mmoja ameleta chake mwenyewe, na hakuna aliyelazimishwa.

Tunakuomba, kabla mizani mpya haijampima mtoto yeyote, ipime mfuko huu. Kilo zitakazotokea ndizo Sista anazotuhumiwa kuzibuni. Hazikubuniwa, zilikuwepo, na zilikuwa zetu.

Sista yuko hapa. Amekaa safu ya tatu, kitambaa cha kijani, bila sare. Hakujua tulichoandika, tulimwambia aje ale keki. Sista, inuka dada yetu, usilie, au lia, ila inuka. Watoto wameanza kuvua viatu, wanajua zamu zao. Mheshimiwa, kitufe ukibonyeze wewe, maana hiyo ni kazi ya mgeni rasmi. Lakini namba itakapowaka tunaomba aisome yeye, kwa sauti, na iandikwe kama alivyoisoma.

Mungu akupe afya, akuzidishie busara, awalinde wote wanaolinda watoto wa watu. Tumesema sisi, na tuko hapahapa, hatukimbii.

Wazazi wa Jumanne,
Chumba Namba Tisa.