Utepe Kwanza, Hotuba Baadaye

Mgeni rasmi, Daktari wetu, wauguzi na wazazi: karibuni, tena karibuni sana!

Ukaribisho
Leo ni leo! Tumefurahi hadi mwenzetu mmoja alitaka kucheza na dripu yake. Mgeni rasmi, samahani kwa yaliyokukuta mlangoni. Aliyekuuliza, "Mzee, una mafua?" kisha akakurudisha kunawa mara ya pili, ni mdogo wetu wa miaka saba. Usijisikie vibaya, wiki jana alimfukuza Daktari.

Historia
Sisi tumezaliwa na upungufu wa kinga. Kikohozi kinachomtembelea mtoto mwingine siku tatu, kwetu kinahamia na mizigo yake. Mimi ninayesoma risala hii nilitibiwa kifua miaka tisa, huku shangazi akisema, "Huyu anadeka tu, anakwepa kuchota maji." Damu ilipopimwa, ikaonekana mwilini sina askari wa kutosha. Shangazi aliomba radhi. Ndoo, hata hivyo, bado ni zangu.

Mafanikio
Tulianza wanne, sasa tuko thelathini na mmoja. Kila baada ya wiki nne tunawekewa dawa ya kinga inayotokana na damu ya wachangiaji, ndiyo maana tunajiita Askari wa Kuazima. Wawili wetu wamemaliza muhula bila kulazwa. Mmoja analalamika amekosa kisingizio cha kukwepa hesabu.

Na sasa mashine ya kupima damu imefika hapa hapa! Zamani damu ilisafirishwa mbali, majibu yakachukua miezi mitatu. Hii inahesabu chembe za kinga kwa saa tano tu.

Changamoto
Mashine ina wiki tisa chini ya kitambaa, haiguswi mpaka izinduliwe. Tarehe imesogezwa mara tatu. Tunajua majukumu yako ni mengi, hatunung'uniki. Tunahesabu tu.

Katika chumba cha mwisho cha korido hii, nyuma ya kioo, yupo Bosi. Ana miezi minne na wodi nzima inamtii. Daktari anashuku hana kabisa chembe za kinga. Kipimo kikithibitisha, atapandikizwa uboho kutoka ndani ya mifupa ya dada yake, na jambo hilo halipendi kuchelewa.

Maombi
Tulikuwa na maombi kumi na moja. Kumi tumeyakunja.

Ratiba inasema utepe utakatwa saa tisa, baada ya hotuba na chakula. Leo Ijumaa, sasa ni saa nne, na maabara inafungwa saa kumi na moja jioni. Damu ya Bosi imetolewa asubuhi hii, baada ya kutobolewa mara sita, maana mishipa yake ni kama uzi. Tulimuuliza mtaalamu wa maabara kama itafaa hadi Jumatatu. Akasema, "Damu si chai jamani, haipashwi moto."

Ndiye yule aliyesimama mlangoni sasa, mwenye kichupa cha damu ya Bosi mkononi.

Tunaomba utepe uje kwanza. Hotuba yako tutaisikiliza yote, hata iwe ndefu, na tutapiga makofi hadi pasipostahili.

Mungu akulindie askari wako wote. Ukiwa na wa ziada, chumba cha kuchangia damu kipo jengo la pili.

Mkasi huu hapa, Mzee. Mama Bosi anatuangalia kupitia kioo.

Ni sisi,
Askari wa Kuazima,
Kliniki ya Kinga ya Watoto