Nuh Billow Dekow, Aliyetaka Kila Neno Lifike

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu Nuh Billow Dekow alikwenda kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake, Duale, hapa Garissa. Hakubeba nafaka. Alisimama kando ya injini akataja maneno ishirini, naye mkewe Safiyo, hatua arobaini kutoka hapo, amempa mgongo, aliweka kokoto moja chini kwa kila neno lililomfikia.

Duale alimwambia, “Shemeji, wengine huleta mahindi hapa.”

Nuh akajibu kwamba yeye huleta maneno, na mengi yanasagika.

Alizaliwa Balambala mwaka wa 1928, mwaka wa mvua nyingi. Alisoma Kurani kwa mwalimu wa kijiji, kisha shule ya Garissa miaka miwili tu, ng'ombe wakamwita. Mwaka wa 1949 alimuoa Safiyo. Mwaka wa 1954 aliajiriwa kuendesha gari la wagonjwa, na vita vilipoanza huku kwetu kaskazini mashariki, mwishoni mwa 1963, akapewa simu ya upepo.

Hapo ndipo swali lilipomshika: kwa nini mtu anapiga kelele na bado hasikiki? Alijaribu kila namna. Alipopaza sauti, kokoto zilikuwa tisa. Aliposema polepole, sauti ya kawaida, kumi na nne. Alipokwenda mbali na injini, zote ishirini. Usiku Safiyo alimuuliza kama na nyumbani atamhesabia kokoto.

Oktoba 1966 bomu la ardhini liliua sikio lake la kushoto. Alilala hospitalini siku kumi na tisa. Alipotoka hakulalamika, alisema sasa yeye ndiye kipimo, kwani neno likimfikia yeye, litamfikia kila mtu.

Ameacha mke, Safiyo. Watoto wawili, Arbia na Kerrow. Na dada yake, Kinsi.

Jumanne tarehe 14 Machi 1967, alitumwa pamoja na dereva Elema kwenye barabara ya Balambala, ambako lori lilikanyaga bomu. Majeruhi walikuwa saba. Walipokuwa wakiwapakia, Nuh aliona udongo uliochimbuliwa upya mahali pengine, nyuma kidogo, kwenye barabara ileile, dalili ya bomu lingine. Gari la daktari lilikuwa njiani linakuja. Akaita Garissa. Mahat, aliyekuwa kwenye simu huko, akajibu mara tatu kwamba anasikia ngurumo tu, arudie.

Nuh akaomba injini izimwe. Elema akakataa, na hakukosea: betri ilikuwa imekufa, na gari likizimika wangelala pale na watu wanaotoka damu. Basi Nuh akajitwika simu ndogo ya mgongoni.

“Mzee, huko mbele hatujui kuna nini,” Elema alisema.

“Hapa tunajua,” alisema Nuh. “Hapa hatusikiki.”

Akatembea hatua mia mbili hivi, hadi nyuma ya vichaka. Mahat anasema sauti ilikuja polepole, ya kawaida, kama mtu aliyeketi karibu: daktari aiache barabara, apite njia ya mtoni. Mahat akarudia neno kwa neno. Nuh akasema, “Ndiyo. Yote.” Gari la daktari likageuzwa, na wote saba wako hai.

Elema alimsubiri. Risasi iliyomuua Nuh kule vichakani, Elema hakuisikia, maana injini ilikuwa bado inanguruma.

Allah amrehemu, na dua zetu zimfikie zote, bila kupotea hata neno moja.