Mbeyu Dzoro Odera, Aliyewalaza Watu kwa Mkono Uliovunjwa

Marehemu Mbeyu Dzoro Odera alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe mtaani Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Dzoro Kiti, mzaliwa wa Rabai, na Bi. Eddah Dzoro, ambaye tumeketi naye hapa leo. Kaka yake, Kiti, alimtangulia kwa miaka minne.

Baba yao alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya Kizingo. Kila Jumamosi alichinja kuku wa wageni, na watoto walikwenda kumsaidia. Kiti alishika miguu. Mbeyu, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alimchukua kila kuku, akamfutika kichwa chini ya bawa na kumbembeleza mpaka alegee, ndipo amkabidhi kwa baba. "Haya baba, sasa. Hajui," alisema. Mzee Dzoro alilalamika kwa majirani kwamba mtoto huyu angemfukuzisha kazi. "Wageni wangoja mchuzi, yeye abembeleza kitoweo."

Alisoma shule ya msingi papo hapo Mji wa Kale, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977, na kumaliza kidato cha nne mwaka 1981 kwa daraja la pili. Mwaka 1983 alijiunga na chuo cha wauguzi mjini Mombasa. Miaka yake mitatu ya chuo ilikuwa mizuri kasoro wiki moja, na wiki hiyo ndiyo iliyomfuata maisha yake yote. Familia imekubaliana kwamba isemwe hapa, mbele ya watu, kwa sababu yeye mwenyewe aliificha muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mzee Dzoro alifariki mwaka 1984, na Kiti, aliyekuwa kuli wa bandari ya Kilindini, akajiona ndiye baba wa nyumba. Jioni ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 1986, siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho, aliambiwa kwamba dada yake ameonekana barabara ya Ndia Kuu akitembea na kijana wa bara, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mbeyu aliporudi alimkuta mlangoni.

"Watoka wapi?"

"Kusoma."

"Na huyo mtu wa bara ndiye kitabu?"

"Kiti, nipishe. Nina mtihani."

"Nani alokupa ruhusa?"

"Wewe si baba," Mbeyu alisema.

Kiti alichukua mchi uliokuwa umeegemezwa kinuni akampiga. Pigo la kwanza lililenga kichwa. Mbeyu alilikinga kwa mkono wa kulia, na mifupa yote miwili ya kigasha, chini ya kiwiko, ikakatika. La pili lilimpata bega. La tatu lilipiga ukuta hata chokaa ikamwagika, kwa kuwa mama yao alikuwa amejitupa katikati. Aliyeushika mchi huo ndiye anayewasomea maneno haya.

Asubuhi Mbeyu alimwambia mkuu wa chuo kwamba ameteleza ngazini. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni kali na zenye giza, na hakuna aliyetia shaka. Kwenye faili lake pakaandikwa: alianguka ngazini. Alifanya mtihani mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, akiandika kwa kushoto, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Karatasi mbili hakuzimaliza. Alipata asilimia hamsini na moja, na pasi ilikuwa hamsini.

Tarehe 17 Desemba 1988 aliolewa kanisani na kijana yule yule wa Ndia Kuu, Bw. Morgan Odera wa Siaya. Kiti alihudhuria, akasimama nyuma karibu na mlango, na hakula. Mungu aliwajalia Beryl mwaka 1990 na Oloo mwaka 1993. Odera hakuwahi kuuliza ule mkono ulivunjikaje. Alijua, na kila alipokutana na Kiti alimwamkia kwanza.

Marehemu aliajiriwa mwaka 1987 katika hospitali moja ya kisiwani, na kuanzia 1989 akawa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hapo ndipo alipopata hamu iliyomtawala: kusomea nusukaputi, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa kwa dawa na kumlinda pumzi mpaka aamke. Alijifunza kwa kumtazama Sista Rispah, mtaalamu wa kazi hiyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Kila alasiri alibeba nyumbani vitabu vya Sista Rispah na kuvirudisha vimefunikwa kwa gazeti. Lakini chuo cha nusukaputi kilitaka asilimia sitini ya mtihani wa uuguzi. Aliomba mwaka 1991, akakataliwa. Akaomba 1993, akakataliwa. Mwaka 1995 aliitwa mbele ya jopo, na mjumbe mmoja akalifunga faili lake bila kufika mwisho.

"Pana sababu yoyote ya alama hizi?" alimwuliza. "Ugonjwa, msiba, lolote?"

"Nilianguka ngazini."

"Na ngazi ikakusahaulisha masomo? Mama, dawa hii ikizidi kidogo mtu hufa. Haipimwi na mtu wa hamsini na moja."

Alirudi kazini siku hiyo hiyo. Sababu alikuwa nayo, lakini aliamini kwamba mwanamke hapeleki jina la ndugu yake ofisini likaandikwe kwa wino. Ndivyo alivyolelewa, na aliyefaidika na malezi hayo alikuwa Kiti.

Ikafika Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1997. Usiku uliotangulia wavamizi wenye mapanga walikuwa wamemwaga damu ng'ambo ya kivuko, Likoni, na tangu alfajiri majeruhi walivushwa kwa feri na kuletwa kisiwani juu ya malori na mikokoteni. Chumba cha upasuaji kilikuwa na meza mbili na mtaalamu mmoja wa nusukaputi. Mtu wa kwanza alikuwa amekatwa panga kutoka sikioni hadi begani, na kila alipovuta pumzi jeraha lilitoa povu. Wa pili alikuwa hana vidole, kwa kuwa aliukamata upanga kwa mikono mitupu. Sakafu iliteleza hata wakamwaga mchanga. Mgonjwa wa nne, pande la mtu, alizinduka kabla ya wakati, akadhani bado anashambuliwa, akamtia Mbeyu kichwa cha mdomo na kumng'oa jino. Mbeyu alitema damu, akamlalia kifuani mpaka Sista Rispah alipomwongeza dawa.

"Shika taya hili," Sista Rispah alimwambia. "Kamua mfuko. Ukiacha, amekufa. Mimi naenda meza ile."

Alishika taya na kukamua mfuko wa hewa kwa saa tisa, mtu baada ya mtu. Saa ya tano mkono wa kulia ulikufa ganzi. Aliufunga kwa bendeji kwenye barakoa ya mgonjwa, akaendelea kwa uzito wa bega. Watu kumi na mmoja walipitia mikononi mwake, na tisa waliamka.

Jioni, wakinawa, Sista Rispah aliukamata ule mkono akaupapasa.

"Nani aliuvunja?"

"Ngazi, Sista."

"Nimewalaza wengi walioanguka ngazi. Huvunjika kifundo cha mkono, kwa sababu mtu hujishika. Huu umekatika katikati. Huu ulikinga kichwa."

Ndipo Mbeyu, baada ya miaka kumi na mmoja, akasema.

"Basi waandikie jopo hivyo," alisema Sista Rispah.

"Siwezi kumwandika kakangu."

"Basi atajiandika mwenyewe."

Siku chache baadaye, saa ya chakula, Sista Rispah alifika lango la bandari ambapo makuli walikuwa wakila viazi karai. Aliuliza Kiti ni yupi. Wakamwonyesha, huku mmoja akicheka: "Kiti, leo waja kukamatwa na nyanya?"

"Wewe ndiwe Kiti?" Sista Rispah alimkagua juu hadi chini. "Nilidhani nitakuta mtu mkubwa zaidi."

"Wataka n'ni, mama?"

"Nataka barua. Useme ulimvunja dada yako mkono akiwa na mtihani, ili wajue ile hamsini na moja ni yako."

Makuli waliacha kutafuna. Kiti alisimama, na mkono wake ukapanda wenyewe, kama ulivyozoea.

"Piga," alisema Sista Rispah. "Mimi sina mtihani kesho."

Mkono ulibaki juu kwa muda, kisha ukashuka. Sista Rispah alimwachia anwani ya chuo akaenda zake. Kwa majuma matatu Kiti alimchukia kuliko mtu yeyote duniani. Alipigana mara mbili kazini. Mara ya pili alimvunja mtu pua kwa neno dogo la mzaha, na alipoitazama ile damu hakuona ushindi wowote. Jumapili iliyofuata aliketi na karatasi. Kwanza aliandika kwamba alimrudi dada yake ili kumtia adabu, maana ndivyo siku zote alivyojiambia. Akakata. Akaandika kwamba palitokea ugomvi wa nyumbani. Akakata. Mwishowe akaandika: nilimpiga kwa mchi, nikimlenga kichwa, siku mbili kabla ya mtihani, nikamvunja mkono anaoandikia. Ami yake, Mzee Chonga, alipopata habari alimwita.

"Mwanamume hajishtaki mwenyewe, Kiti. Watu watasemaje?"

"Watasema nilimvunja mkono, ami."

Barua ilipelekwa. Tarehe 12 Januari 1998, jopo lilipokutana katika ofisi moja ya Kizingo, ndugu wote wawili waliitwa. Mbeyu hakuwa ameambiwa habari za barua. Alimkuta kaka yake kwenye benchi la nje, akakaa ncha ya pili. Ndani, mwanamke aliyekuwa mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti, yote, kisha akamgeukia Kiti.

"Ulimpiga kwa nini?"

Kiti alikuwa amejitayarishia majibu mengi. "Kwa sababu niliweza," alisema.

"Angekuwa mzima, angepata ngapi?"

"Sijui, bibi. Mwulizeni yeye. Yuko hapa, na mkono umepona."

Walimwuliza kwa saa nzima: vipimo vya dawa kwa uzito wa mtoto, dalili za pumzi kuziba, la kufanya moyo ukisimama mezani. Alijibu yote isipokuwa mawili, na kwa hayo mawili alisema hajui. Walimkubali kwa sharti kwamba akishindwa jaribio lolote katika miezi sita ya kwanza atarudishwa. Nje, walipofika langoni, alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza.

"Shati hilo la nani?"

"La shemeji. Langu halina kola."

Hakuwahi kabla ya hapo kumwita Odera shemeji. Mbeyu alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa barabara, kisha kicheko kikageuka, akalia, na Kiti alisimama kando yake asijue aweke wapi mikono.

Alihitimu Julai 1999, wa saba kati ya kumi na tisa, akasema saba yamtosha. Akarudi hospitali ile ile, na alikuwa na sharti moja ambalo askari wote walilijua: hakumlaza mtu aliyefungwa. Jumatatu asubuhi, tarehe 8 Novemba 1999, aliletewa mahabusu mwenye risasi pajani, mkono ukiwa kwenye pingu.

"Mfungue," alimwambia askari.

"Madam, huyu ni mbaya."

"Akilala hana ubaya."

Upasuaji ulikwenda salama. Katika kuzinduka, akiwa hajui alipo, yule mtu alirusha mguu mzima, teke likampata Mbeyu kifuani, akaanguka chali na kisogo chake kikagonga ukingo wa sinki la saruji. Aliinuka mwenyewe. Alihakikisha mgonjwa anapumua vizuri, akamkabidhi kwa wauguzi, ndipo akasema kichwa chauma. Alasiri alianza kutapika, akalazwa.

Kiti alipopata habari alikwenda hospitali na nondo ndani ya mguu wa suruali. Mahabusu alikuwa wodi ya tatu kutoka pale. Makuli sita walimngoja nje, nao wakiwa tayari. Alipita kwanza kumwona dada yake, akainama amwambie kwamba jambo hilo litamalizwa leo. Mbeyu aliona anavyotembea mguu umekakamaa, akajua.

"Yule alikuwa usingizini, Kiti," alisema. Maneno yalimtoka polepole. "Wewe ulikuwa macho."

Hakumwambia tena jambo lolote. Kiti aliketi kando ya kitanda mpaka makuli walipochoka kungoja wakaondoka. Jumanne Mbeyu alipoteza fahamu. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Novemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, mume wake amemshika mkono wa kulia.

Ameacha mama yake, Bi. Eddah Dzoro, mume wake, Bw. Morgan Odera, watoto wake, Beryl na Oloo, kaka yake, Kiti Dzoro, ami yake, Mzee Chonga, mwalimu wake, Sista Rispah, na wagonjwa aliowalaza wakaamka, akiwemo yule wa mwisho. Familia imesikia yanayosemwa mitaani na bandarini kuhusu mtu huyo. Inaomba, na Kiti ndiye anayeomba kwa niaba yake, asiguswe na yeyote.

Mwenyezi Mungu amlaze Mbeyu kwa upole.