Wifi Anatafuta Pa Kuegesha

Ndani ya basi la kwenda ufukweni, msusi mmoja alikuwa akimsimulia mama aliyeketi pembeni yake. "Wifi yangu alitaka kunipakia kwenye gari lake jipya, nikakataa. Mimi basi linanishusha mlangoni, yeye atahangaika kutafuta pa kuegesha." Nilikuwa kiti cha nyuma yao, na kwa jinsi alivyolitamka hilo "jipya", nilijua roho inamuuma.

Tulipokaribia, maegesho yalikuwa yamejaa pomoni. Msusi akanyoosha kidole. "Si yule pale, anazunguka!"

"Umemkomesha, mwanangu," yule mama akacheka. "Atazunguka mpaka jioni."

Msusi hakucheka. Alijifuta jasho shingoni, macho hayabanduki kwenye lile gari. "Nimemkomesha nini, mama? Huoni vioo kavifunga? Anazunguka na kiyoyozi chake!"

Basi likasimama, tukashuka juani.